Maswali ya Wasomaji: Jengo la Shule Yetu Limeungua, Tunaanzia Wapi?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo moja, majengo ya shule za zamani yaliyoungua moto. Nimechagua chache, nyingine nimezipunguza maana zilikuwa ndefu kuliko gazeti lenyewe. Majina ya shule nimeyatoa yote, mtanielewa.

Habari mhariri. Jengo kuu la shule tuliyosoma limeungua usiku, lile la ghorofa la zamani lenye veranda ndefu na kengele pale kwenye ngazi, watu kufika asubuhi ni kuta tu na mabati yamejikunja. Grupu letu la wahitimu tangu siku hiyo ni vilio na video za moto, kila mtu anaforwadi ile ile. Sasa wengine wanataka tuchange tujenge mnara, wengine wanataka kitabu, wengine wanasema tusubiri serikali. Mimi nimepewa kazi ya kuratibu na sijui nianzie wapi. – Katibu wa grupu

Pole sana katibu, na poleni wote. Mimi ningeuweka huo mnara pembeni kwanza, hata ukijengwa baada ya miaka mitano utajengwa tu. Kisichosubiri ni picha zilizoko kwenye masanduku na maalbamu ya watu, na hao watu wenyewe, maana waliosoma hapo zamani kabisa umri umeenda. Kwa hiyo usianze na michango ya hela, anza na picha, na nasema picha za kabla ya moto. Za moto mnazo za kutosha.

Sasa ukiomba picha kwenye grupu watu watakuletea zile nzuri, yaani zao wenyewe wamependeza, jengo halionekani. Waambie unataka zile mbaya. Ile picha ya darasa ambayo mpiga picha kasimama mbali mno na sura hazionekani vizuri ndiyo dhahabu, kwa sababu nyuma ya vichwa kuna dirisha zima na nondo zake, kuna bomba la maji ya mvua, kuna mlango umefunguka nusu na ndani unaona rangi ya ukuta ilikuwa imeishia wapi. Picha ya timu ya mpira ina pembe ya paa. Picha ya mahafali ndiyo usiseme. Angalia Makerere: jengo lao kuu, lile lenye mnara wa saa lililojengwa 1941, liliungua usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 20 Septemba 2020, na mbele ya jengo hilo ndipo uwanja ambako wanafunzi wa vizazi na vizazi wamefanyia mahafali. Hebu fikiria ni nyumba ngapi Uganda, Kenya na Tanzania zina picha ukutani ambayo nyuma ya mhitimu na joho lake kuna lile jengo, na mwenye picha wala hajui kwamba ameshika kumbukumbu ya jengo.

Na hizi picha zina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kasri la Shuri kule Okinawa, Japani, lilipoungua tarehe 31 Oktoba 2019, watafiti wa chuo kikuu waliomba wananchi na watalii watume picha walizowahi kupiga pale, zikaja kwa maelfu, wakatumia programu inayolinganisha picha za kitu kimoja zilizopigwa pembe tofauti mpaka ikatengeneza umbo zima la jengo kwenye kompyuta. Brazil nako, Makumbusho ya Taifa ya Rio yalipoteketea tarehe 2 Septemba 2018, waliotangulia kuomba picha na video kwa umma walikuwa wanafunzi wa chuo, hawakusubiri kamati. Kwa hiyo wewe na grupu lako mnaweza kabisa, hamhitaji kibali cha mtu kukusanya picha zenu wenyewe.

Mambo machache ya kuzingatia. Picha zisitumwe WhatsApp kama picha, zinabanwa zinapoteza ubora, zitumwe kama dokyumenti au kwa barua pepe. Zile za karatasi ziskaniwe, picha ndogo za zamani weka 600 dpi (yaani nukta kwa inchi, ndicho kipimo cha ubora kwenye skana) usiende chini ya hapo, na skani mgongo wake pia maana mara nyingi ndiko kuna tarehe na majina yameandikwa kwa penseli. Usikate pembeni hata kama pembeni kuna kidole cha mpiga picha. Na jamani, zile programu za kung'arisha picha za zamani kwa akili bandia msiziguse kwa kazi hii, zinabuni. Dirisha lilikuwa na vioo sita, yenyewe inakuchorea vinane vya kupendeza, baada ya miaka kumi hakuna atakayejua ukweli ni upi. Mwenye kutaka kung'arisha ang'arishe kopi yake, ile ya awali ibaki ilivyo.

Alafu kuna ufundi mmoja mdogo ambao mimi unanifurahisha sana. Kama kuna sehemu ya ukuta imebaki, pima tofali moja na udongo wake wa kuungia, urefu na kimo. Ukishajua hilo, picha yoyote ya zamani ambayo tofali zinaonekana inakuwa rula. Unahesabu mistari ya tofali kutoka chini mpaka kizingiti cha juu cha mlango, unazidisha, umepata kimo cha mlango ambao haupo tena duniani. Kama ukuta ulipigwa lipu basi tafuta kitu kingine ambacho kipimo chake bado kipo, ngazi moja ya zege, ubao wa dawati, chochote. Picha iwe imepigwa kwa mbele lakini, iliyopigwa kwa upande inadanganya.

Kitabu kitakuja chenyewe baada ya hapo.

Mama yangu mdogo na kaka yangu wote walisoma kwenye jengo lililoungua, ila miaka tofauti. Mama mdogo anasema ngazi za mbao zilikuwa upande wa kulia ukiingia, kaka anaapa zilikuwa kushoto na ni za zege. Wameshagombana mpaka hawapigiani simu. Nimwamini nani? – Mtu wa katikati

Waamini wote mpaka utakapopata sababu ya kutowaamini. Jengo la shule linafanyiwa marekebisho kila baada ya muda, ngazi zinahamishwa, mlango unazibwa, na inawezekana kabisa kwamba kati ya miaka ya mama mdogo na ya kaka mtu alibomoa zile za mbao. Au mmoja alikuwa anaingilia mlango wa nyuma! Usiwaulize "ngazi zilikuwa wapi", watabishana. Mkalishe mmoja mmoja, mpe karatasi, mwambie nichoree njia uliyopita asubuhi kuanzia geti mpaka dawati lako, akiwa anachora anaongea na wewe simu inarekodi. Mikono inakumbuka vitu ambavyo mdomo umesahau, anafika sehemu anasema "hapa lazima uinamishe kichwa" na hajawahi kuisema hiyo miaka yote. Andika jina, mwaka aliosoma, na alichosema, hata kama kinapingana na cha mwenzake. Ila vipimo vya watoto vipunguze, ukumbi aliouona akiwa na miaka saba siku zote ni mkubwa kuliko ulivyokuwa.

Shikamoo mhariri, mimi mwalimu mstaafu. Watu wa zimamoto waliokoa kabati la rejista za wanafunzi na baadhi ya picha, lakini vyote vimelowa maji ya mipira, na mkuu wa shule anataka vianikwe juani. Nifanyeje?

Marahaba mwalimu, ila kwa kweli mimi ndiye wa kukuamkia. Hii barua niliijibu kwa simu siku ile ile ilivyofika maana ni jambo la masaa, naichapa hapa kwa ajili ya wengine.

Juani hapana, pasi ya nguo hapana, na kufungia kwenye mifuko ya nailoni ukaiacha stoo ndiyo hapana kubwa kuliko zote. Karatasi iliyolowa kwenye joto fangasi huanza ndani ya masaa 48 hivi, na ikishashika haina urafiki. Rejista chache unaweza kuzikausha kivulini, dirisha wazi, feni inapuliza chumba na sio karatasi yenyewe, unaweka karatasi nyeupe zisizoandikwa katikati ya kurasa unazibadilisha zikilowa. Gazeti lililochapwa usiweke juu ya kurasa zenyewe, wino wake unahamia. Kama ni nyingi kuliko mikono mliyonayo, weka kwenye friza. Ndiyo, friza hii hii ya kawaida, kila rejista imefungwa kivyake ili zisigandane, baridi inasimamisha kila kitu halafu mnazitoa mbili tatu mnakausha kwa nafasi.

Chuo Kikuu cha Cape Town walifanya hivyo hivyo kwa kiwango kikubwa. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa mlimani ulishuka mpaka chuoni ukaingia maktaba ya Jagger, ukumbi wa kusomea ukateketea na vitabu vya masomo ya Afrika kama 70,000 vikaondoka pamoja na mkusanyiko wa filamu za Kiafrika. Lakini chini kwenye stoo za nyaraka milango ya kuzuia moto ilishuka ikazuia, kwa hiyo kule chini tatizo likawa maji. Watu wa kujitolea wakajipanga mstari wakawa wanapokezana makreti kutoka chini mpaka nje, na vilivyolowa vikaingizwa kwenye makontena ya baridi. Mimi kila nikisoma habari ya moto kwenye jengo la shule nauliza kwanza maji yalienda wapi, maana watu wanaangalia juu kwenye paa na huku chini kabati limesimama kwenye dimbwi.

Picha zilizogandana usizivute. Zikiwa bado mbichi zitumbukize kwenye maji safi ya baridi zitaachiana zenyewe taratibu, kisha uzilaze uso juu. Rejista usizisuuze lakini, wino wa kalamu za kuchovya unaweza kutiririka ukabaki na kurasa za bluu. Na zile ambazo pembeni zimekuwa mkaa, kabla ya kugusa kitu piga picha ya kila ukurasa unaosomeka, maana ukigeuza ukurasa ule ule mara ya pili unaweza kukuta umekuwa unga. Hiyo picha ya simu ndiyo itakuwa rejista yenyewe.

Kamati ya shule imekaa imeamua kuta zilizobaki zote zivunjwe wiki ijayo, wanasema moto ukishapita kwenye ukuta nguvu zote zimeisha. Ni kweli? Mimi sio injinia lakini roho inaniuma. – Mhitimu

Kidogo ni kweli, zaidi sio kweli, na kinachoniudhi ni hiyo "wiki ijayo". Nani aliyepima?

Tofali la kuchoma limezaliwa kwenye tanuri, limeshapita moto mkali kuliko moto mwingi wa majengo, kwa hiyo lenyewe mara nyingi halina shida. Vinavyopata shida ni vitu vinavyolizunguka. Chuma kikifika nyuzi joto 550 hivi kinakuwa kimepoteza karibu nusu ya nguvu zake, na kabla ya hapo kinakuwa kimeshatanuka kikasukuma ukuta nje, ndio maana utaona nyufa pale mihimili ya chuma ilipokuwa imeingia ukutani. Zege likipita nyuzi 300 mara nyingi linageuka rangi kuwa la pinki, na mainjinia wanasoma hiyo rangi kujua moto ulifika wapi, kwa hiyo mkikimbilia kupaka chokaa au kubomoa mnafuta ushahidi. Mbao nene nazo zinashangaza watu. Mbao inaungua kwa nje kama milimita 0.7 kwa dakika, ule mkaa wa juu unakinga ndani, boriti la sentimita 30 likiungua nusu saa pande zote bado katikati lina kama sentimita 26 za mti mzima. Kenchi nyembamba za kisasa hazina bahati hiyo.

Hatari ya kweli ni kwamba ukuta mrefu uliokuwa umeshikwa na sakafu za ghorofa na paa sasa umesimama peke yake, upepo mmoja tu. Kwa hiyo asiingie mtu, hata wa kupiga selfi, wekeni uzio, ukuta ushikiliwe na nguzo za kuegemeza, na juu yake mfunike kwa turubai au bati maana ukuta usio na kofia unakunywa mvua kutoka juu na hapo ndipo unapooza. Baada ya hapo injinia aje aandike ripoti, aseme huu ubaki huu ushushwe. Shule ya Sanaa ya Glasgow kule Uskoti, jengo lililobuniwa na msanifu Charles Rennie Mackintosh, iliungua mara ya pili tarehe 15 Juni 2018 ikabaki gofu kabisa, na hata pale hawakuleta tingatinga, sehemu zilizoyumba ndizo zilizoshushwa kwa uangalifu na nyingine zikaachwa zimeshikiliwa na vyuma. Iambieni kamati yenu mnaomba ripoti tu, hamuombi muujiza.

Swali fupi: kujenga upya lile lile au kujenga jipya? – Mpenda maendeleo

Jibu langu fupi pia. Mkiwa na ramani, vipimo na picha za kutosha, lijengeni lile lile kwa nje na ndani mfanye ya leo: ngazi za dharura, kuta zinazokata dari vipande vipande ili moto usitembee chini ya paa kutoka darasa la kwanza mpaka la mwisho, nyaya mpya. Makerere walirudisha ile sura ya zamani na jengo likafunguliwa tena 2024. Msipokuwa na kumbukumbu hizo basi mtakachojenga ni kisio kilichovaa nguo za zamani, bora mjenge jipya kwa uaminifu na mseme ni jipya. Na wakati wa ujenzi ulinzi usilegee, kule Glasgow moto wa kwanza ulikuwa tarehe 23 Mei 2014, ule wa pili ukalikuta jengo liko kwenye ukarabati.

Mhariri naomba usinitaje. Kwenye grupu wote wanalia jengo, mimi nilipoona ile ofisi inaungua nilifurahi kidogo. Nilichapwa sana mle ndani, na niliambiwa mbele ya wenzangu sitafika popote. Sasa wanaomba kila mtu aandike kumbukumbu. Nikae kimya?

Dada yangu, usikae kimya na usijilaumu. Andika, tena andika kwa urefu ule ule ambao wengine wanaandika kuhusu kengele na miembe. Ofisi ile ilikuwa na mlango upande gani, ulisimama wapi, sakafu ilikuwa ya nini ulipokuwa umeinamisha macho, nina hakika wewe unaikumbuka sakafu ile kuliko mtu yeyote kwenye lile grupu. Tena kwa kazi ya katibu wetu wa juu pale, wewe ni shahidi bora, maana wenye furaha hukumbuka jua na wimbo, ila mtoto mwenye hofu anakariri chumba kizima.

Watakaokwambia "tusichafue kumbukumbu ya shule" waulize shule ni ya nani. Majengo mengi ya zamani tunayoyalilia yalijengwa enzi ambazo mtoto gani aingie na yupi abaki nje liliamuliwa kwa rangi, dini, hela ya baba, au kwa kuwa yeye ni msichana. Hiyo nayo ni historia ya jengo. Kama hutaki jina lako litokee mwambie katibu aandike mwaka tu. Na kama hutaki kuandika kabisa pia ni sawa, kumbukumbu ni yako hukuikopa kwa grupu.

Kwenye moto wetu wanafunzi walifariki. Uongozi unasema tusiongelee, tutawaumiza wazazi.

Poleni mno. Waulizeni wazazi wenyewe, mmoja mmoja, kwa faragha, wanataka nini, kwa sababu mara nyingi anayeumizwa na maongezi ni uongozi. Chicago tarehe 1 Desemba 1958 shule ya Our Lady of the Angels iliungua wakafa wanafunzi 92 na watawa 3, na wengi walionusurika wamesema baadaye kwamba walikua bila mtu kuwaruhusu kuliongelea. Ule ule moto ndio ulioilazimisha Marekani kubadilisha taratibu za usalama wa moto mashuleni, kwa hiyo kuongea kunaokoa watu pia. Majina yaandikwe yote, kwa tahajia waliyotumia nyumbani kwao, na mzazi aone kabla hayajachongwa.

Tumeokota vipande vya mbao zilizoungua za jengo letu, tunataka kila mhitimu apate kimoja. Kuna ubaya? – Kamati ya reunioni

Wazo zuri, Glasgow walifanya kitu cha namna hiyo, mbao na mabaki ya moto wa 2014 waliwapa wasanii 25 wakatengeneza kazi za sanaa zikauzwa kwenye mnada London mwaka 2017 kuchangia ukarabati. Ila kwanza ombeni ruhusa kwa shule, na subirini wanaochunguza chanzo cha moto wamalize, maana hicho kipande chenu kinaweza kuwa ushahidi. Pili, kama kuna mwenye nia ya kurudisha jengo basi vipande vyenye nakshi, bawaba, vitasa na vipande vya taa msigawane, viwekwe pamoja na kila kimoja kiandikwe kimeokotwa chumba gani. Glasgow walichekecha majivu ya maktaba kama wachimba mambo ya kale ndio wakapata vipande vya taa zake za asili.

Tatu ndilo kubwa. Jengo la zamani linaweza kuwa na rangi yenye risasi, yale madini yenye sumu, na paa au siling ya asbesto. Zile shiti za kijivu zenye mawimbi zikipasuka kwa moto zinatoa vumbi ambalo hulioni na likiingia kwenye mapafu halitoki. Kwa hiyo msiingize watoto kuokota, msifagie kavu, na barakoa za kitambaa hazisaidii hapo. Muwaite wanaojua kushughulika na asbesto wasafishe kwanza, mbao zenye rangi ya zamani msizikwangue wala kuzipiga msasa nyumbani, na kipande chochote mtakachogawa kiwe ni mbao tupu isiyo na rangi, imefungwa kwenye kifuko, na kikaratasi ndani kinachosema kimetoka chumba gani.